Nilimwambia jirani msufi wangu umeandikwa kwenye sensa, nusura uongo huo utuzikishe watoto

Wakuu, za mchana. Mlio ofisini mnajifanya mnafanya kazi na mlio foleni benki, wote nawasalimu.

Mie humu ni wa kusoma tu, miaka na miaka nacheka na stori zenu kimya kimya. Leo nimeona nami nimwage yangu. Ninayoyaandika yametokea kweli, majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wahusika wengine wana simu kubwa kuliko yangu na wanasoma humu.

Mods, naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa majirani wakorofi. Kwenye huu mkorofi ni mie.

Twende.

Mie ni fundi simu. Nina kibanda changu Bunju, na nyumbani ni huko huko, ndani ndani kidogo. Mke wangu, Mama Jacky, ni mwalimu wa shule ya msingi. Sie wote wa Mbeya, tulinunua kiwanja enzi hizo watu wanatuuliza kama tunaenda kulima.

Kwenye kiwanja tulikuta msufi. Kwa wasioujua, ni ule mti mrefu kupita kiasi, una miiba kwenye shina, na matunda yake yakikomaa yanapasuka yanatoa sufi ya kujazia mito. Huo wetu watu wawili wakishikana mikono hawauzunguki. Umesimama hatua tatu tu kutoka kwenye ukuta wa jirani.

Upande wetu, karibu na huo mti, tulijenga banda la mabati. Mke wangu anafundishia tuisheni pale kila siku alasiri, watoto kumi na sita wa mtaani.

Sasa jirani.

Mzee Nassor. Ni Waarabu wa siku nyingi hapa Dar, familia ina duka la vifaa vya ujenzi Kawe, ila siku hizi dukani wanakaa wanawe, yeye yuko nyumbani na mkewe Bi Zuhura na mjukuu wao Sabrina, wa darasa la tatu. Huyo Sabrina naye alikuwa mwanafunzi wa tuisheni kwetu.

Ugomvi wetu ulikuwa wa adabu sana. Nampa shikamoo, anaitikia marahaba, halafu ndiyo tunaanza.

Ishu ilikuwa sufi. Msimu ukifika inaruka ukuta, inatua kwenye nguo za Bi Zuhura kambani, kwenye pilau, kwenye ndevu za mzee mwenyewe. Kuna msiba mmoja mtaani alikuja ana kipande cha sufi kimemning'inia sikioni, nikashindwa kujizuia, mke wangu akanifinya mpaka nikatoa machozi. Waombolezaji wakadhani nina uchungu.

Mzee alitaka niukate. Pia aliogopa siku moja utamdondokea. Ombi la haki kabisa, leo nakiri. Ila wakuu, kuna binadamu wanapata raha kuona mwenzao anahangaika kidogo, na mie ni mmoja wao. Kila akiniambia nikate namwambia, "Mzee, nitalifikiria." Nikawa nalifikiria mwaka wa tatu.

Hapo ndipo akaja Neema.

Neema ni mdogo wa mke wangu, msomi wa mambo ya misitu. Alikuwa anajiandaa kwenda milimani, kwenye ile misitu minene ya mvua, kupima jinsi miti mikubwa inavyoyumba. Mie nikamuuliza, sasa mti kuyumba si unauona kwa macho?

Akanielewesha hivi. Mti ukisukumwa na upepo unaenda na kurudi, kama mtu kwenye bembea, na kila mti una mwendo wake. Wenye mizizi iliyoshika unarudi haraka. Uliolegea chini unachelewa kurudi. Kwa hiyo unafunga kifaa kwenye shina, kinaandika kila mtikisiko usiku na mchana, na wewe ukisoma hizo data unajua mti una hali gani hata kama kwa nje unang'aa.

Ila kabla hajavipeleka msituni alitaka avijaribu kwenye mti mmoja mkubwa anaoweza kuufikia kirahisi. Mama Jacky akasema, si kuna msufi wetu.

Akaja Jumamosi na kamba na kofia ngumu. Akapanda, wakuu, mwanamke yule anapanda kama hana mifupa. Akafunga viboksi viwili vyeupe, ukubwa wa kisahani cha sabuni, kimoja juu sana na kingine usawa wa kichwa changu. Kazi yangu ikawa moja tu: kila Jumapili natoa memori kadi za viboksi, cha juu napanda ngazi ndefu, nanakili, namtumia data.

Sasa wakati yuko juu kule, alikuwa ananipigia kelele, "Shem, nirushie mkanda wa sensa ya pili!"

Kitaalamu wanaviita vihisi, ila wao wenyewe kwa wenyewe wanasema sensa, yaani "sensor" kwa kile Kiingereza chao cha haraka.

Mzee Nassor alikuwa ng'ambo ya ukuta anasikiliza. Akatokeza kichwa.

"Fundi, sensa ya nini tena? Si tulishahesabiwa?"

Naapa wakuu, sikupanga. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Hii ni ya miti, mzee. Wanahesabu miti mikubwa. Huu umeshaandikwa."

"Umeandikwa?"

"Umeandikwa, una namba. Na ukishaandikwa hauguswi. Ukigusa hata tawi, kile kiboksi kinatoa taarifa."

Mzee akakiangalia kile kiboksi, akaniangalia mie, akaingia ndani. Neema kule juu hakusikia kitu.

Kwa muda wa wiki nzima nilikuwa mfalme. Mzee hakunitajia msufi hata mara moja. Habari ikatembea mtaani kwa kasi ya ajabu. Wamama waliokuwa wanasimama njiani kuteta karibu na fensi yetu wakahamia kwenye genge la mbele, eti kiboksi kinasikia. Mjumbe wetu wa nyumba kumi akaja rasmi, amechomekea, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna fomu anatakiwa asaini. Nikamwambia asubiri, atajulishwa.

Kuna mmama mmoja nilimkuta anakichungulia kile kiboksi cha chini huku anarekebisha kilemba, nadhani alijua ni kamera.

Mke wangu alikuwa ananiambia, "Baba Jacky, kuna siku utatafuta mtu wa kukuamini umkose." Mie nacheka tu.

Na sikuishia hapo.

Jumatano moja niko nyumbani peke yangu, nikajiuliza, hivi hiki kidude kweli kinaandika? Nikaweka singeli kwenye spika, nikaegemeza mgongo kwenye mti, nikaanza kuusukuma kwa mdundo. Nyimbo mbili nzima. Miiba ilinichana shati.

Jumapili nikatuma data. Jumatatu Neema akapiga simu, amechanganyikiwa. Anasema kuna kitu hajawahi kukiona, kiboksi cha chini kimeandika vishindo vinavyofuatana vizuri kabisa, cha juu hakina kitu, na siku hiyo hapakuwa na upepo. Keshamwonyesha msimamizi wake.

Nikaangua kicheko. Nikamwambia ukweli.

Akasema, "Shem, mie hii ni kazi yangu." Akakata simu.

Kidogo niliona aibu. Kidogo tu.

(Mdau hapo chini uliyeandika "malizia basi", nilikuwa na mteja, kioo kimepasuka. Nimerudi.)

Wiki mbili baadaye mvua za masika zikaanza. Neema akapiga tena, safari hii sauti kavu.

"Shemeji, nilikuomba usiuguse mti."

Nikamwambia sijaugusa.

"Kuna vishindo. Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka karibu saa sita. Kiboksi cha chini tena, kama mwanzo."

Nikamwambia shem, saa tatu asubuhi mie niko kibandani natengeneza simu za watu, na dada yako yuko shuleni. Nikaapa. Nikaapa na kwa jina la mama yangu.

"Na ile siku nyingine nayo ungeapa," akajibu. Akasema atavifuta hivyo vishindo kwenye data aendelee na kazi.

Jumapili iliyofuata hivyo hivyo. Jumanne na Alhamisi, saa tatu mpaka saa sita. Hakunipigia hata simu, alinitumia meseji moja tu: "Umekua, shem. Acha." Mie nami nikasusa. Nikajisemea kama haniamini, basi. Wala sikujisumbua kuangalia kuna nini.

Hapo ndipo nikikumbuka mpaka leo najishika kichwa.

Sasa ikaja Jumatatu. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Jana yake nilikuwa nimetuma data kama kawaida. Niko kibandani, saa nane na kitu mchana, Neema anapiga. Nikapokea nimejiandaa kugombezwa.

"Shem, uko karibu na nyumbani?"

Sauti ilikuwa tofauti.

"Sikiliza. Mti mvua ikinyesha lazima uchelewe kidogo kurudi, majani yanabeba maji, hilo nalijua. Huu umechelewa kupita kiasi. Na tangu Jumamosi ukilala haurudi pale ulipokuwa. Kila upepo ukipiga unabaki umeinama kidogo zaidi."

"Unainamia wapi?"

"Upande wenu. Kwenye banda la dada. Wewe leo unanitania au hunitanii, mie sijui, ila toa watoto."

Tuisheni inaanza saa tisa.

Nikamwachia jirani yangu wa chipsi kibanda wazi, nikapanda bodaboda. Nikafika. Mti kwa macho haukuwa na tatizo lolote, umesimama, kijani kibichi. Ila shinani upande wa ukuta udongo ulikuwa na ufa, vidole vyangu vinne vinaingia.

Nikachukua ngazi, nikaiegemeza ukutani, nikachungulia kwa Mzee Nassor.

Kuna mtaro. Umechimbwa sambamba na ukuta, umefika kiunoni, umefunikwa turubai ya bluu na mawe juu. Upepo ulikuwa umeipeperusha kona moja. Ndani ya mtaro nikaona mizizi imekatwa, minene kama paja langu, vidonda vyeupe. Sururu na shoka vimelazwa pembeni vizuri kabisa, kama vyombo vya daktari.

Jumanne na Alhamisi. Siku ambazo Bi Zuhura anakwenda Kawe kwa watoto wake.

Nikashuka, nikazunguka, nikapiga hodi. Mzee yuko barazani na kikombe cha kahawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Vipi, wamekuja watu wa sensa?"

"Mzee, hakuna sensa. Nilikudanganya."

Akaweka kikombe chini.

"Hakuna?"

"Hakuna. Ni kifaa cha kupima mti unavyoyumba. Na kinasema mti umekatwa mizizi, unaanguka."

Nilitegemea atawaka. Hakuwaka. Aliuliza neno moja.

"Unaangukia wapi?"

"Kwetu. Kwenye banda la tuisheni."

Wakuu, sijawahi kuona uso wa mtu unaishiwa damu namna ile. Akasimama, hakutafuta hata viatu.

"Sabrina keshatoka," akasema. "Anawahigi kufuta ubao."

Akakunja kanzu mkononi, akakimbia. Mzee yule ana goti bovu, kila mtu mtaani anajua, na mie kijana sikumfikia mpaka getini kwangu.

Mke wangu alishafika. Watoto watano tayari wako bandani, Sabrina yuko juu ya kigoda anafuta ubao. Nikapiga kelele, "Tokeni! Mti unaanguka! Tokeni wote!"

Watoto wakacheka.

Mama Jacky wala hakugeuka. "Baba Jacky, sina muda wa michezo leo, wana mtihani kesho."

"Mke wangu, naapa..."

"Ndiyo, unaapa. Kaeni chini, toeni madaftari."

Nilisimama kwenye uwanja wangu mwenyewe, nasema kweli tupu, na hakuna hata mtoto wa darasa la pili anayenichukulia maanani.

Ni Mzee Nassor aliyetuokoa. Alipita mbele yangu miguu peku, matope mpaka magotini, akaingia mpaka katikati ya banda, akasema kwa sauti ambayo nadhani mpaka barabarani walisikia:

"Mwalimu! Mie ndiye niliyekata mizizi! Kwa mkono wangu! Toa watoto!"

Mke wangu akamwangalia. Mtu mzima, mwenye heshima zake, anakiri mbele ya watoto. Hakuuliza swali. Alipiga makofi mara mbili kama wanavyopigaga walimu, "Mstari! Nje! Acheni vitu!"

Tukawapeleka wote kwa Mzee Nassor, barazani, upande ule ambao mti umeupa mgongo. Waliokuwa wanakuja tukawapokea njiani. Mama Jacky akahesabu mara tatu. Kumi na sita. Bi Zuhura akatoa kaimati bila kujua kinachoendelea.

Tukakaa. Nusu saa, hakuna kitu. Saa nzima, hakuna kitu. Mke wangu ameshaanza kuniangalia lile jicho. Hata mie nikaanza kujiuliza.

Saa kumi na robo upepo ukatoka baharini.

Haukuanza na kishindo. Kwanza ilisikika kama mtu anachana shuka taratibu. Tukaona kilele cha msufi kinakwenda, kinakwenda, na safari hii hakirudi. Halafu ardhi ikaruka. Kikombe cha kahawa kikaanguka mezani.

Watoto hakuna aliyelia mwanzoni. Walilia baadaye, mmoja alipoanza.

Nilipoingia kwangu, banda halikuwepo. Sisemi limeharibika. Shina lilikuwa limelala pale pale lilipokuwa banda, na mabati yametokeza pembeni kama karatasi iliyokunjwa. Kona ya jiko nayo ilikwenda. Mzee Nassor alikuja nyuma yangu, akasimama anaangalia pale ubao ulipokuwa. Kile kigoda cha Sabrina kilikuwa vipande vipande.

Alinishika mkono, juu ya kiwiko, akaushika kwa nguvu mpaka ukauma, akaondoka.

Mjumbe akafika ana daftari, jasho linamtoka. Swali lake la kwanza, nawaapia: "Sasa na ule uandikishaji wa sensa, tunaripoti nini?"

Mzee Nassor, macho bado mekundu, akamjibu kwa sura kavu kabisa:

"Andika marehemu."

Nikaanza kucheka, nikashindwa kuacha, kicheko kikageuka kilio, nikakaa chini kwenye matope. Mke wangu akaja akakaa pembeni yangu. Baadaye nilimweleza mjumbe ukweli wote, akanipa onyo mbele ya watu. Nilistahili.

Jioni mzee alinieleza hesabu zake. Alijua kabisa hauruhusiwi kuguswa. Ila akafikiri, kilichoandikwa ni mti, na mti uko kwa fundi. Mizizi iliyopita chini ya ukuta iko kwake, haikuandikwa. Kwa hiyo akachimba taratibu akijua utanyauka wenyewe, kila mtu atadhani ni ugonjwa. Hakujua kwamba ile mizizi ya upande wake ndiyo iliyokuwa inaushikilia usilale upande wetu. Kabla ya uongo wangu, aliniambia, alikuwa amepanga kwenda kumwomba mke wangu tuukate. Mwalimu angekubali.

Na kweli, Mama Jacky angekubali siku hiyo hiyo. Angeita watu wa msumeno, wangeushusha tawi kwa tawi, tukanywa soda.

Neema alikuja kesho yake. Kiboksi cha juu kilikuwa kimepondwa, ila cha chini tulikikuta kwenye shina kinaendelea kuandika. Alikaa na laptopu yake kwenye ngazi ya mlango, akanionyesha. Kila kitu kipo. Singeli yangu ipo. Sururu ya mzee ipo. Siku tatu za mvua mti unavyozidi kuchelewa, mpaka ule mstari wa mwisho unaopanda ghafla halafu unanyooka.

Nikamwambia angalau umepata data nzuri.

Akasema ni nzuri sana. Halafu akasema, "Vile vishindo vya wiki ya kwanza, shem, ungekuwa hujawahi kucheza na mti ningekuja siku ile ile. Nilivifuta mwenyewe kwa sababu yako."

Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Tuisheni siku hizi iko kwa Mzee Nassor barazani, na kafunga ubao mpya mwenyewe. Mie na yeye tumeelewana kuliko zamani, ila hatuchokozani tena, na kuna siku nakumiss kule kuchokozana.

Nilichojifunza wakuu ni kidogo tu. Utani una raha yake na sitaacha, nisiwadanganye. Ila uongo wangu mdogo ulimfanya mzee wa watu ajifiche na shoka, na utani wangu ulimfanya shemeji yangu afute ushahidi. Siku nilipohitaji kuaminiwa kwa dakika moja tu, sikuwa na hata senti ya kuaminiwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Hilo linatisha kuliko mti.

Na kama una mti mkubwa karibu na nyumba, zunguka uangalie shina leo, hasa upande ambao si wako.

Haya, uwanja ni wenu. Mnaotaka kunitukana pangeni foleni, nimekaa mkao wa kupokea. Ila kwanza mniambie kwa ukweli: ni uongo gani ulishamwambia jirani yako ukidhani ni mdogo? Anzeni nyie wa Kipawa, nawajua.